Akiba ndiyo iliamua Rabat: somo la Leopards kwa wanaocheza Fantasy Beni na Butembo

BENI – Usiku wa tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025, mjini Rabat, kocha Sébastien Desabre alifanya kitu ambacho wengi waliokuwa mbele ya televisheni hawakukielewa mara moja. RDC na Nigeria walikuwa sare ya 1-1 na muda wa nyongeza ulikuwa unakwisha. Desabre akamtoa golikipa wake nambari moja, Lionel Mpasi, na kumwingiza Timothy Fayulu, aliyekuwa amekaa benchi usiku mzima. Dakika chache baadaye Fayulu alizuia mkwaju wa Semi Ajayi, nahodha Chancel Mbemba akafunga wake, na Leopards wakashinda 4-3 kwa penalti. Njia ya Kombe la Dunia ikabaki wazi.

Siku 51 baadaye, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, katika mji uleule wa Rabat, mambo yaligeuka. Ilikuwa hatua ya timu 16 za Kombe la Afrika, CAN, dhidi ya Algeria. Dakika ya 119, wakati watu wote walishaanza kufikiria penalti, Adil Boulbina akafunga bao pekee la mechi. Boulbina naye alikuwa ametoka benchi.

Usiku wa kwanza benchi iliwabeba Leopards. Usiku wa pili benchi ya mwenzao iliwarudisha nyumbani. Mashabiki wa Beni na Butembo bado wanabishana juu ya usiku hizo mbili, lakini kuna kundi moja lingefaa kuzisoma kwa makini zaidi kuliko wengine: vijana wanaoongoza timu zao kwa simu, katika mchezo wa Fantasy Premier League. Mara nyingi mabishano yao ni juu ya nani awe nahodha kati ya nyota wawili. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza ameweka nani benchi, na kwa mpangilio gani. Hapo ndipo pointi nyingi hupotea.

Mchezo wenyewe unavyokwenda

Kwa asiyeujua, Fantasy Premier League, au FPL, ni mchezo wa bure unaofuata ligi kuu ya Uingereza. Kila meneja hupewa bajeti ya milioni 100 za mchezo, si pesa za kweli, na kununua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Hawezi kuchukua zaidi ya 3 toka klabu moja. Kila wiki anapanga 11 wa kuanza na 4 wa benchi. Wakicheza vizuri uwanjani Uingereza, yeye anapata pointi. Zaidi ya watu milioni 11 duniani huandikisha timu kila msimu, na mchezo unamweka kila mmoja katika ligi ya nchi yake, hivyo mtu wa Bungulu anaweza kujua anasimama wapi mbele ya Wakongo wenzake wa Kinshasa na Lubumbashi.

Michezo ya namna hii haikuzaliwa katika mpira wa miguu. Ilipata nguvu Marekani, katika beziboli, kuanzia mwaka 1980, pale mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wa New York walipoanza kununuliana wachezaji kwenye karatasi. Katika beziboli kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kwa hiyo kuumia ni jambo la kawaida. Ndiyo sababu ligi nyingi za beziboli humpa meneja nafasi za pembeni za kuwaweka majeruhi, ili wasimjazie benchi.

FPL haina nafasi hiyo. Mchezaji wako akivunjika mguu, anaendelea kuhesabiwa katika wale 15 mpaka umuuze. Na kuuza kuna gharama: kila wiki una badiliko moja la bure. Usipolitumia, linawekwa, na unaweza kukusanya mpaka 5. Ukizidisha yale uliyo nayo, kila badiliko la ziada linakukata pointi 4. Kwa hiyo katika FPL benchi ndiyo hospitali, na ndiyo ghala pia.

Wissa: mtu mmoja, hatari mbili

Hakuna mfano mzuri zaidi kwa Mkongo kuliko Yoane Wissa. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 19 ya ligi akiwa Brentford. Msimu wa 2025/26 ulipofunguliwa, shabiki wa Leopards alikuwa na kila sababu ya kumweka katika timu yake: ni mfungaji, ni mwenyeji wa nafasi, na ni wetu.

Hatari ya kwanza ilikuwa sokoni. Wissa alitaka kuondoka, klabu ikasita, na katika mwezi wote wa nane hakucheza hata dakika moja ya ligi. Waliomshikilia walipata sifuri wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tarehe 1 mwezi wa tisa Newcastle wakamchukua kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 55, na meneja aliyekuwa amesubiri angeweza kusema: sasa mambo yamenyooka.

Hatari ya pili ilikuja siku nane baadaye. Tarehe 9 mwezi wa tisa, katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, RDC iliongoza Senegal 2-0, na bao la pili lilikuwa la Wissa. Mwisho wa usiku matokeo yalikuwa 2-3, na Wissa alikuwa ameumia goti. Alirudi uwanjani mwezi wa kumi na mbili, wakati ligi imeshasogea sana.

Angalia tarehe hizo kwa utulivu. Wissa alihama tarehe 1. Aliumia tarehe 9. Mlango wa wiki ya nne ya FPL ulifungwa tarehe 13. Meneja aliyemnunua tarehe 2 kwa furaha ya uhamisho alitumia badiliko lake kabla ya mechi za mataifa kuchezwa. Aliyesubiri mpaka tarehe 11 au 12 aliona habari ya goti, akabaki na badiliko lake mkononi. Wote wawili walimpenda Wissa sawasawa. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alijua mechi za mataifa ni hatari, akaziacha zipite kwanza.

Kanuni inayotoka hapa ni rahisi: wiki za mechi za timu za taifa, usiuze wala kununua mpaka wachezaji wamerudi kwenye klabu zao. Bei inaweza kupanda kidogo wakati unangoja, ni kweli. Lakini kupotea kwa badiliko zima kunauma kuliko kupanda kwa bei.

Hesabu ya benchi

Katika FPL, mchezaji wa kikosi cha kwanza asipocheza hata dakika moja, mchezo wenyewe unamtoa na kumwingiza wa akiba, kwa kufuata mpangilio wa benchi uliouweka wewe, mradi wabaki angalau mabeki 3 na mshambuliaji 1. Golikipa hubadilishwa na golikipa tu. Hili linafanyika hata kama simu yako imezimika.

Lakini kuna mtego. Akiingia dakika moja tu, hata ya 90, anahesabiwa amecheza. Anachukua pointi 1, na wa akiba wako anabaki benchi hata kama amefunga mabao mawili. Anayecheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2 kabla ya mengine yote. Kwa hiyo mchezaji wa mashaka ambaye kocha humwingiza mwishoni ni hatari kuliko yule ambaye hachezi kabisa.

Sasa chukua mfano wa hesabu. Sema kila mmoja wa wachezaji wako 10 wa ndani, ukimwacha golikipa, hukosa mechi moja katika kila kumi, kwa kuumia, kadi au kupumzishwa. Katika wiki 100 za namna hiyo, wiki 65 hivi angalau mmoja atakosekana. Wiki 26 watakosekana wawili au zaidi. Wiki 7 tu ndizo watakosekana watatu au zaidi. Ukileta hesabu hiyo kwenye msimu wa wiki 38, mtu wa kwanza wa benchi yako ataitwa karibu mara 25, wa pili karibu mara 10, wa tatu chini ya mara 3.

Namba hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: benchi ya watu wasiocheza kabisa, walionunuliwa kwa sababu ni rahisi, inakunyima nafasi 37 hivi za kujaza pengo kwa msimu. Kila pengo likijazwa na mtu wa kawaida anayemaliza dakika 60, ni pointi 2. Hiyo ni pointi zaidi ya 70, bila bao lolote. Katika ligi ya marafiki, tofauti kati ya wa kwanza na wa nne mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo.

La pili: si lazima benchi yote iwe ya gharama. Anayeweka wachezaji wazuri watatu nje amefunga pesa mahali ambapo hazifanyi kazi. Wa kwanza wa benchi awe mtu anayeanza kila wiki katika klabu yake, hata kama klabu hiyo ni ndogo. Wa pili awe mtu anayecheza mara nyingi. Wa tatu anaweza kuwa wa bei ya chini kabisa. Beki wa timu ya chini ya jedwali ambaye hapumzishwi ni akiba bora kuliko kijana mwenye jina anayeingia dakika ya 85.

Hatari zinapokuja siku moja

Hesabu hiyo ina sharti moja: kwamba wachezaji hawakosekani kwa sababu moja. CAN ya Morocco, iliyoanza tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2025 na kumalizika tarehe 18 mwezi wa kwanza 2026, ilivunja sharti hilo.

Kwa Mkongo jaribu lilikuwa kubwa. Msimu wa 2025/26 ligi ya Uingereza ilianza na majina yetu mengi kuliko kawaida: Aaron Wan-Bissaka akiwa West Ham, Axel Tuanzebe akiwa Burnley, Noah Sadiki na Arthur Masuaku wakiwa Sunderland. Kila mmoja peke yake ni chaguo la busara kwa bei yake. Ukiwaweka watatu pamoja kwa mapenzi ya bendera, umejenga timu ambayo siku moja itapoteza watatu kwa mpigo. RDC ilicheza mechi zake za kundi tarehe 23, 27 na 30 mwezi wa kumi na mbili, na ilibaki Morocco mpaka ilipotolewa tarehe 6. Katika siku hizo ligi ya Uingereza haikusimama.

Hii ndiyo tofauti kati ya mvua ya hapa na pale na mvua inayoshuka mji mzima kwa wakati mmoja. Benchi ya watu watatu inatosha kwa ile ya kwanza. Kwa ya pili haitoshi, hata ukiipanga vizuri namna gani.

Waandaaji wa FPL waliliona hilo. Kabla ya wiki ya 16, kila meneja alijaziwa mabadiliko ya bure mpaka yakafika 5. Ilikuwa zawadi, lakini pia ilikuwa mtihani. Aliyekuwa ameweka akiba yake ya mabadiliko manne alipewa moja tu zaidi. Aliyekuwa ametumia yote alipewa matano. Maana yake, kwa wiki hiyo moja, aliyetumia hovyo na aliyebana walisimama mstari mmoja. Meneja aliyesoma tangazo hilo tangu kabla ya msimu alijua kuwa kubana mabadiliko katika wiki ya 13, 14 na 15 hakuna faida, akayatumia. Asiyesoma aliyatunza bure.

Vilevile, kuwa Mwafrika hakukumaanisha kuondoka. Mohamed Salah alikwenda na Misri, Bryan Mbeumo akaenda na Kameruni. Antoine Semenyo alibaki Uingereza, kwa sababu Ghana haikufuzu. Waliouza Waafrika wote bila kuangalia nani amefuzu walimuuza mtu ambaye hakuwa na safari.

Nahodha na msaidizi wake

Nahodha huhesabiwa pointi mara mbili. Asipocheza hata dakika moja, nahodha msaidizi anachukua nafasi yake. Watu wengi humchagua msaidizi kwa haraka, na mara nyingi wanamchukua toka klabu ileile ya nahodha kwa sababu klabu hiyo ina mechi rahisi. Hilo ni kosa. Mechi hiyo ikiahirishwa, wote wawili wamekwenda. Msaidizi atoke katika mechi nyingine, na awe mtu ambaye kuanza kwake hakuna mashaka.

Nigeria walionja uchungu wa namna hiyo usiku ule wa Rabat. Mshambuliaji wao mkubwa, Victor Osimhen, hakurudi kipindi cha pili kwa kuumia. Meschack Elia alikuwa ameshasawazisha bao la mapema la Frank Onyeka, na toka hapo Nigeria hawakupata bao jingine katika dakika 75 zilizofuata, ukihesabu na muda wa nyongeza. Timu iliyojengwa juu ya mtu mmoja ilibaki ikimtafuta mtu ambaye yuko nje.

Misri nao walipitia hapo mbele ya Leopards hao hao. Katika CAN iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Misri walifika hatua ya timu 16 bila Salah na bila golikipa wao wa kwanza, Mohamed El Shenawy, wote wakiwa wameumia katika makundi. Penalti zikafika mpaka makipa wenyewe kupiga. Golikipa wa akiba wa Misri, Gabaski, alipiga mwamba. Mpasi akafunga, na RDC ikapita 8-7.

Hapo ndipo uamuzi wa Desabre wa 2025 unapopata uzito wake. Mtu aliyemtoa kabla ya penalti dhidi ya Nigeria ndiye yuleyule aliyefunga penalti ya ushindi dhidi ya Misri. Kama kocha angefuata kumbukumbu, Mpasi angebaki. Aliangalia kazi iliyokuwa mbele yake usiku ule, akamwita mtu aliyemwona anaifaa. Meneja wa FPL anayemshikilia mchezaji kwa sababu alimpa pointi 15 mwezi wa tisa, wakati sasa ana alama nyekundu ya majeruhi pembeni ya jina lake, anafanya kinyume cha hilo.

Saa ya London, saa ya Beni

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya ushauri wa Fantasy vinavyoandikwa Ulaya haviitaji, kwa sababu wanaoviandika hawaijui: hatari ya meneja mwenyewe kukosekana. Mtandao unakatika. Umeme unaondoka na simu haijachajishwa. Mega zinaisha Ijumaa usiku na pesa ya kununua nyingine haipo mpaka Jumatatu. Au kuna siku ambayo hali ya usalama inafanya mpira uwe jambo la mwisho kichwani.

Mlango wa FPL hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 12:30 za London, mlango unafungwa saa 11:00 za kwao. Wakati wa baridi wa Ulaya, hiyo ni saa saba kamili mchana Beni na Butembo. Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, inakuwa saa sita kamili. Wanazirudisha Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Sisi hatubadilishi saa, na hapo ndipo mtu anayefuata mazoea anapokuta mlango umefungwa saa nzima mapema. Ukisikia saa hiyo kwenye redio au video ya Kinshasa, kumbuka pia kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Na wiki ikianza na mechi ya Ijumaa usiku, mlango unafungwa Ijumaa hiyo hiyo.

Makocha wa Uingereza huzungumza na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi, na habari za majeruhi hutoka hapo. Meneja mwenye umeme wa uhakika anaweza kungoja mpaka dakika ya mwisho. Meneja wa hapa afadhali apange mara mbili. Katikati ya wiki, wakati mtandao upo, apange kikosi kamili, benchi kwa mpangilio, nahodha na msaidizi, kana kwamba hatapata nafasi nyingine. Kisha, akibahatika kuingia Ijumaa au Jumamosi asubuhi, asahihishe. Akikosa, mpangilio wake unafanya kazi bila yeye.

Kwa sababu hiyo, benchi nzuri ina thamani kubwa Beni kuliko Manchester. Kule inaziba pengo la mchezaji. Hapa inaziba pengo la mchezaji na la meneja pia. Tahadhari kabla ya hatari, wazee walisema, na mchezo huu umeliweka neno hilo katika sheria zake.

Pale pesa zinapoingia

FPL ni bure, na hilo ndilo linaloitofautisha na pari za mpira ambazo vijana wengi wa mitaa yetu wanamwagia franka zao kila wiki. Lakini marafiki mara nyingine huchanga kiasi mwanzoni mwa msimu ili mshindi achukue. Hapo burudani inakuwa na uzito mwingine, hasa kwa mtu ambaye mchango wake ulikuwa pesa ya chakula.

Wanaochanga wangefaa kukubaliana mambo matatu kabla ya wiki ya kwanza: nani anashika pesa, nini kinafanyika mwenzao akihama au akikimbia vita katikati ya msimu, na mchango usiozidi kile ambacho mtu anaweza kukipoteza bila nyumba kutikisika. La pili si la kufikirika. Katika Kivu Kaskazini, mtu kulala katika mji mmoja na kuamka njiani kuelekea mwingine ni jambo ambalo kila familia inalijua. Ligi ya marafiki isiyo na sheria ya namna hiyo inaweza kuvunja urafiki uliovuka mambo makubwa kuliko mpira.

Mji uliotoka benchi

Beni yenyewe inajua maana ya kuitwa ghafla. Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uongozi wa jimbo ulihamishiwa hapa, na Beni ikawa makao ya muda ya Kivu Kaskazini. Mji uliokuwa umezoea kutajwa kwa habari za mauaji ya ADF ukapewa ofisi za gavana. Kila anayeishi hapa anaweza kuhukumu mwenyewe jinsi mji ulivyoandaliwa kwa kazi hiyo. Lakini jambo moja halina ubishi: akiba haichagui siku ya kuitwa.

Makocha wa vilabu vya Beni na Butembo wanalijua pia. Kikosi chao kinapungua kwa sababu ambazo hakuna alama ya njano kwenye simu inayoweza kuzionyesha: barabara isiyopitika salama, familia iliyohama, mchezaji aliyekwenda kutafuta kazi. Kocha wa hapa asiye na watu watatu wa kuaminika nje ya 11 wake hawezi kumaliza msimu.

Na Leopards wenyewe walikuwa bado hawajamaliza. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2026 walipangiwa kucheza Guadalajara, Mexico, dhidi ya mshindi kati ya Jamaika na Kaledonia Mpya. Ilikuwa mechi moja, hakuna ya marudiano. Ushindi ungewapeleka katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974, wakati nchi ilipoitwa Zaire, katika kundi moja na Ureno, Kolombia na Uzbekistani. Kwa watu wa mashariki timu hii imekuwa zaidi ya mpira tangu tarehe 7 mwezi wa pili 2024, pale wachezaji waliposimama Abidjan wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo na vidole viwili vya mwingine vimeelekezwa kichwani, kuiambia dunia juu ya damu inayomwagika huku.

Katika mechi moja ya namna hiyo, nyota anaweza kuumia, kama Osimhen alivyotoka, na golikipa anaweza kuhitajika dakika ya 119. Desabre hawezi kuzuia goti la mtu lisigeuke. Anachoweza ni kuwa na jibu lililoandaliwa kabla ya swali kufika, na kuwa na ujasiri wa kulitumia.

Kijana wa Mulekera au Kimemi mwenye simu mkononi hana mzigo mzito kama huo. Lakini kazi ni ileile. Ijumaa hii, kabla ya kubishana juu ya nahodha, ashuke chini ya kioo, pale majina manne yanapokaa peke yake, na ajiulize kwa kila jina: huyu akiitwa kesho, atacheza?